Ulifuta Nini Hapo?

Hivi umeshawahi kumwandikia mwenzio barua ukiwa umekasirika? Sizungumzii meseji. Nazungumzia barua yenyewe, ya aya na nukta, ile unayokaa chini ukaiandika kwa sababu mdomo umeshindwa kazi. Mimi mwaka jana niliandika moja kwa kompyuta, na ikaniumbua. Aliyekuja kunitoa pale ni mama yangu mzazi, pamoja na mashine yake ya taipu ambayo mtu mmoja akiibeba lazima agune.

Kisa chenyewe kilikuwa hela. Kwenye ndoa nyingi ninazozijua, kisa huwa ni hela au ndugu. Sisi tulibahatika tukapata vyote viwili kwa mpigo. Mume wangu alichukua mkopo wa shilingi milioni 4 kwenye SACCOS ya kazini kwao, akampa mdogo wake afungue duka la vipuri vya pikipiki, na mimi sikuambiwa. Nilikuja kujua baada ya miezi mitano, siku nafua, nilipokuta hati yake ya mshahara kwenye mfuko wa suruali. Makato hayo hapo, meusi kabisa. Nilipomuuliza akasema, "Nilikuwa nataka kukwambia." Basi, hakuongeza neno. Tukanuniana siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Sasa mimi kazi yangu ni maneno. Nina shahada ya mawasiliano ya umma, na kutwa nahariri makala za watu wanaoeleza wanandoa waongeeje. Nikajiambia, si uandike? Watoto wakishalala nafungua kompyuta mezani, naandika. Usiku wa kwanza niliandika "Umenidharau." Nikaliangalia lile neno, nikaona kali, nikafuta, nikaweka "Sikujisikia kuheshimiwa." Niliandika "Mdogo wako ana maana kuliko wanao?" Nikafuta, nikaweka "Ni vyema tukajadili vipaumbele vya familia." Usiku wa pili nikahamisha aya ya tatu ikawa ya kwanza. Usiku wa tatu nikabadilisha hadi aina ya herufi. Faili lilianza likiitwa "barua", likawa "barua mwisho", likaishia "barua mwisho kabisa 2". Nilipoangalia taarifa zake, kompyuta ikanionyesha kwamba nimelihariri kwa dakika 412. Hesabu mwenyewe, ni karibu saa saba.

Nikamtumia kwa imeili, mtu tunayelala kitanda kimoja. Kesho yake mchana akajibu: "Nimeisoma. Hii umeandika wewe au kitengo chenu cha uhusiano?"

Niliumia, we acha tu. Lakini nilipoirudia ile barua kwa macho ya mhariri nikaona jamaa hakukosea. Haikuwa na kosa hata moja, na haikuwa na mimi hata kidogo.

Mgeni na mzigo wake

Wiki hiyo hiyo ndiyo mama alikuwa anahamia kwetu Dar es Salaam kutoka Nzega. Baba alishafariki, miguu inamsumbua, tukakubaliana aje akae nasi. Alishuka kwenye basi na mabegi mawili, gunia la karanga, na sanduku la chuma lililofungwa kwa kamba ya katani. Mume wangu akampokea vizuri, "Shikamoo mama, karibu sana," akashika lile sanduku, akaliweka chini tena. "Mama, humu kuna nini?"

"Taratibu baba, hiyo ndiyo iliyowasomesha hawa."

Ilikuwa taipureta yake. Aliuziwa kwa bei ya kutupa ofisi yao ilipokuwa inaondoa vifaa chakavu, wakati kompyuta zilipoingia. Mama alikuwa katibu muhtasi serikalini mpaka alipostaafu mwaka 2018. Alisomea Chuo cha Uhazili Tabora, na kwa rika lake ukisema umepita Tabora maana yake unajua hati mkato na unapiga taipu bila kuangalia vidole.

Kwa nyie mliozaliwa mkaikuta kompyuta, ngoja niieleze kidogo hii mashine, maana tofauti yake na kompyuta haiko kwenye umeme peke yake. Kila herufi imechongwa kwenye ncha ya mkono mdogo wa chuma. Ukibonyeza, ule mkono unaruka, unagonga utepe wenye wino, na utepe unagonga karatasi. Herufi haiandikwi tu juu ya karatasi, inaingia ndani yake. Ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa unayasikia maneno. Kila ukigonga, kigari kinachobeba karatasi kinasogea kushoto hatua moja, na kila hatua ni sawa na nyingine, iwe herufi ni i nyembamba au m nene. Mstari ukikaribia kuisha kengele inalia, unashika mpini unakirudisha kigari upande wa pili. Kile kitufe cha Enter unachokibonyeza leo kinafanya kazi ya ule mpini. Na Shift iliitwa hivyo kwa sababu kweli kuna chuma kilichokuwa kinahamishwa kizima ili herufi kubwa ndiyo igonge. Hata "cc" ya kwenye imeili ni nakala ya kaboni, ile karatasi nyeusi iliyomchafua mama vidole miaka yote.

Mashine ya mama haina namba 1. Nilidhani imeng'oka, kumbe nyingi za zamani zilitengenezwa hivyo. Unatumia l ndogo na maisha yanaendelea.

Usiku wa kwanza alinikuta mezani. Nilikuwa nimeanza barua ya pili, ya kujibu lile jibu. Akakaa pembeni, akanitazama naandika, nafuta, naandika, nafuta.

"Mwanangu, unaandika nini kisichoisha?"

"Barua, mama."

"Ya kwenda wapi?"

Nikanyamaza. Akaangalia mlango wa chumbani kwetu, akaelewa. Hakuniuliza tena. Aliniambia habari za kazi tu.

Alisema enzi zao bosi akitaka barua yenye nakala tatu, unapanga karatasi nne na kaboni tatu katikati, unaingiza zote kwenye mashine. Ukikosea herufi moja, umekosea mara nne. Unafungua, unafuta kwa raba ngumu moja baada ya nyingine, unaomba Mungu karatasi isitoboke. Stensili ya saiklostaili ndiyo usiseme: ile ukikosea unapaka dawa yake, unasubiri ikauke, unagonga juu yake. Ripoti ya bajeti ya kurasa 40 ikirudi na aya moja imeongezwa ukurasa wa tatu, unachapa upya kuanzia pale hadi mwisho, maana kila kitu kimesogea. "Kwa hiyo bosi mwenye akili alikuwa anafikiri kwanza ndiyo anaita. Asiye na akili tulikuwa tunamjua, maana tulikuwa tunatoka saa mbili usiku kwa ajili yake."

Usije ukadhani mama anaililia hiyo mashine. Nilimuuliza kama angerudi enzi zile, akacheka mpaka akashika mgongo. Alipopelekwa kozi ya kompyuta, siku ya kwanza mwalimu alimwambia, "Mama, gonga taratibu, utavunja kibodi." Siku ya pili akahamisha aya kutoka chini kwenda juu bila kuchapa upya, na anasema machozi yalimtoka. Miaka yote ile ya kuchapa upya!

Wanawake na raba

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, mtanisamehe. Mashine hii imebeba maisha ya wanawake wengi kuliko tunavyofikiri. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza yake Marekani mwaka 1868, kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874, na mpangilio wa herufi wa enzi hizo ndio huo huo ulioko kwenye simu yako mkononi. Ofisi zikajaa wasichana. Mmoja wao, Bette Nesmith Graham, alikuwa katibu muhtasi kule Texas, ameachika, analea mtoto mwenyewe. Taipureta za umeme zilipoingia zikawa zinamfanya akosee, na utepe wake haukufutika vizuri. Akachanganya rangi nyeupe nyumbani, akaibeba kazini kwenye kichupa, akawa anapaka juu ya makosa kwa brashi ndogo. Mwaka 1956 akaanza kuwauzia makatibu wenzake. Mwaka 1979 akaiuza kampuni yake, Liquid Paper, kwa dola milioni 47.5. Kwa makosa ya kuchapa, jamani!

Kuhusu kompyuta, sisi Watanzania tulichelewa kidogo, na kuna sababu. Serikali ilifunga kompyuta ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, halafu mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza nchini, pamoja na televisheni. Kwa hiyo wakati wenzetu wa Marekani wanapata WordStar mwaka 1978 na Microsoft Word mwaka 1983, mama yangu alikuwa anageuza utepe wa taipureta upande wa pili ili wino uishe vizuri. Na kompyuta zilipofika zilikuja na kiburi chao. Mnakumbuka Kiswahili chote kilivyokuwa kinapigiwa mstari mwekundu chini, ukurasa mzima kama umechinjiwa kuku? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, angalau tukapumua. Taipureta haikuwahi kumwambia mama yangu kwamba lugha yake ni kosa.

Barua ya mwaka 1983

Turudi mezani. Mama alienda chumbani kwake akarudi na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na karatasi nyembamba imekunjwa mara nne, imeshageuka rangi ya chai ya maziwa. "Soma," akasema, "lakini taratibu, isichanike."

Ilikuwa barua ya baba. Mwaka 1983 mama alikuwa Tabora chuoni, baba yuko Nzega na kaka zangu wawili wadogo; mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Baba alikuwa karani, mwandiko wake ulikuwa mbaya ajabu, kwa hiyo Jumapili moja alijifungia ofisini akachapa mwenyewe, kwa vidole viwili. Anaeleza mtoto mkubwa ana surua. Anaeleza hela ya sabuni imekwisha. Anaeleza majirani wanasema mke aliyeenda kusoma harudi vile vile. Halafu unakuja mstari huu, nauandika kama ulivyo:

"Kama huko kumekunogea xxxxxxx niandikie tu nijue."

Nikamwangalia mama. "Hapa alifuta nini?"

"Inua kwenye taa."

Nikaiinua kwenye taa. Chini ya zile x, kichwa cha d kilikuwa kimechomoza, na nukta za i mbili. Usirudi. Baba yangu, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, alimwandikia mama yangu asirudi, kisha akarudisha kigari nyuma, akaigonga x mara saba.

"Uliliona siku ile ile?"

"Nililiona kabla sijasoma mengine. Macho yanaenda pale palipofutwa."

"Ukafanya nini?"

Mama alisema alilia usiku kucha. Ijumaa akaomba ruhusa, akapanda lori la pamba hadi Nzega, akamkuta baba anakoroga uji. Hawakuzungumzia lile neno mpaka watoto walipolala. Akamwambia, nimesoma ulichofuta. Baba akamjibu, najua, ningetaka usikisome ningechukua karatasi nyingine. Jumapili mama akarudi chuoni akamaliza kozi.

"Angeandika 'usirudi' akaiacha, ningekasirika," mama akaniambia. "Angeifuta isionekane, nisingejua kama ameumia. Mimi niliona vyote viwili. Niliona na mkono uliojizuia."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Fikiria tulichonacho leo. Kompyuta inafuta mpaka hakuna anayejua kulikuwa na kitu. Mwenzio anapokea uamuzi wako wa mwisho, umepigwa pasi. WhatsApp ndiyo mbaya zaidi, maana tangu mwaka 2017 inakuachia lile tangazo kwamba ujumbe umefutwa. Unajua umefichwa kitu ila hujui kitu gani. Ndoa ngapi zimelala bila kuongea kwa ajili ya tangazo hilo, Mungu ndiye anajua.

Saa moja na nusu, ukurasa mmoja

Jumamosi nikamwomba mama mashine. Utepe ulikuwa umekauka, tukaudondoshea wino wa mhuri tone kwa tone, tukauacha ulale usiku mzima. Jumapili jioni nikakaa nayo kwenye meza ya kulia chakula. Mume wangu alikuwa sebuleni anaangalia mpira.

Kwanza, vidole viliniuma. Kidole cha mwisho hakina nguvu, a yangu ilikuwa inatoka hafifu kila mahali. Pili, nilinyamaza sana. Kwenye kompyuta huwa naanza kuandika kabla sijajua nataka kusema nini, kwa sababu nitarekebisha. Hapa nilikuwa nakaa na sentensi kichwani mpaka iive, ndipo nagonga. Sikuweza kuhamisha aya. Kilichokuja kwanza kilibaki cha kwanza, na kilichokuja kwanza hakikuwa hela. Kilikuwa ni ile miezi mitano: kwamba kwa miezi mitano tulikuwa tunakula meza moja na yeye anajua, mimi sijui.

Na ile kelele! Nyumba nzima inajua unaandika. Mpira ukapunguzwa sauti. Nikigonga anasikia, nikinyamaza anasikia. Kuna mahali nilinyamaza muda mrefu sana. Nilikuwa nimeandika "Nimechoka na wewe." Niliyatazama maneno hayo, meusi, yameshaingia kwenye karatasi. Yalikuwa kweli kwa wakati ule? Nusu. Nikarudisha kigari, nikapitisha x juu yake, nikaendelea: "Nimechoka xxxxxxx kufichwa mambo kama mtoto."

Saa moja na nusu, ukurasa mmoja. Nikamwekea kwenye mto, nikaenda kuoga kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Nilipotoka nilimkuta amekaa kitandani, taa imewashwa, kaishika barua mbele ya macho. Mume wangu ni mhasibu.

"Nilikusikia ukinyamaza dakika kumi nzima," akasema. "Ni hapa?"

"Ni hapo."

"Ulifuta nini?"

"Wewe si unasoma?"

"Ziko x saba. Herufi za mashine hii zote zina upana mmoja, kwa hiyo ni herufi saba au sita na nafasi." Akanyamaza. "Na wewe. 'Nimechoka na wewe.'"

Nilidhani atakasirika. Akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Ni kweli?"

Nikamwambia Jumatano ilikuwa kweli. Alhamisi pia. Leo, nilipoliona limeandikwa, sikuwa na uhakika. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba mama yao kabla hajafa alimshika mkono akamkabidhi yule mdogo wake, na tangu siku hiyo hajui namna ya kumwambia hapana. Aliona aibu kuniambia kwa sababu alijua nitamuuliza biashara yenyewe ina mpango gani, na mpango haukuwepo. Tuliongea mpaka saa nane za usiku. Sehemu nyingine tulipandishiana sauti, mama akakohoa chumbani kwake, tukashusha.

Nisikudanganye kwamba mambo yamekaa sawa. Duka la vipuri lilifungwa mwezi wa nane, shemeji hapokei simu, na makato yanaendelea mpaka Machi mwakani. Tulichokubaliana ni kwamba hati za mshahara, yake na yangu, zinawekwa kwenye droo moja ya mezani kila mwisho wa mwezi, na mkopo wowote unasainiwa baada ya wote wawili kujua. Mwezi uliopita aliiweka yake siku mbili kabla ya yangu.

Makala hii nimeiandika kwa kompyuta, kama kawaida. Nimefuta aya tatu nzima na hamtazijua. Ile barua ya taipu ameichukua yeye, iko kwenye begi lake la kazini, na nilipomuuliza naomba nakala, mama akadakia kutoka jikoni: "Kwani hukuweka kaboni?"